Kutoka sukari ya Kiliba hadi kinini cha Bukavu: viwanda vya kuwaonyesha watoto njiani



Baba mmoja aliyehama na familia yake mara mbili aliniuliza swali ambalo sikulitegemea. Mtoto wake wa miaka saba alikuwa ameulizwa na mwenzake sukari inatoka wapi, naye akajibu bila kusita: inatoka kwenye mfuko wa msaada. Wakubwa waliokuwa karibu walicheka. Yule baba hakucheka, kwa sababu baba yake mzazi, yaani babu ya huyo mtoto, alikula mshahara wa kiwanda cha sukari cha Kiliba mpaka vita vya 1996. Akaniambia: "Ndugu mwandishi, siku njia itakapokuwa salama nataka kuwapakia watoto kwenye gari kutoka Uvira mpaka Bukavu, niwaonyeshe mahali vitu vinapotengenezwa. Nisimame wapi?"

Nilimwahidi jibu fupi. Limekuwa refu, maana kila kiwanda cha njia ile kina historia yake, na mzazi asiyeijua ataonyesha watoto kuta na mabati tu. Sisemi mtu yeyote afunge safari leo. Hali ya barabara kuu namba 5 mnaijua kuliko mimi, na wengi wenu ni hiyo hiyo barabara iliyowafukuza. Basi tuipite kwanza kwa maneno, na gari litafuata siku yake.

Tuanzie Kiliba. Ukitoka Uvira kuelekea kaskazini ni mwendo mfupi tu, mlima uko kushoto kwako, bonde la Ruzizi limefunguka kulia mpaka Burundi. Kiwanda cha sukari kilijengwa hapo katika miaka ya 1950, wakati wa Wabeleji, na hawakuchagua mahali hapo kwa bahati. Muwa unataka jua kali, ardhi tambarare na maji mengi. Bonde lina jua na tambarare, na mito inayoshuka kutoka milimani inaleta maji. Lakini kuna sababu nyingine ambayo mtoto ataielewa haraka ukimpa kipande cha muwa mkononi: muwa ukishakatwa haungoji. Ndani ya siku moja au mbili utamu wake unaanza kuharibika. Kahawa unaweza kuikausha na kuiuza mwezi ujao. Muwa hapana. Ndiyo maana kiwanda cha sukari lazima kikae katikati ya shamba, na wafanyakazi lazima wakae karibu na kiwanda, na hivyo ndivyo mahali pa miwa panavyogeuka kuwa mji. Kiliba ilizaliwa namna hiyo.

Kazi yenyewe si fumbo. Miwa inapita kwenye magurudumu mazito ya chuma yanayoikamua. Maji yake yana rangi ya tope, yanawekwa chokaa ili uchafu ushuke chini, halafu yanachemshwa na kuchemshwa mpaka yawe mazito. Yakifika kiasi fulani punje zinaanza kujitokeza zenyewe, na mashine inayozunguka kwa kasi sana inatenganisha punje na ule uji mweusi unaobaki. Uji huo nao hautupwi, unatengeneza pombe kali na chakula cha ng'ombe. Na mabaki ya miwa iliyokamuliwa? Hayo ndiyo kuni. Yanachomwa kuchemsha maji, mvuke unaendesha mashine, kwa hiyo muwa unajikamua na kujipika wenyewe. Nikiwaeleza watoto jambo hili huwa wanapenda hapo kuliko penginepo.

Mwishoni mwa Oktoba 1996 Uvira ilianguka, Bukavu ikafuata siku chache baadaye, na kiwanda cha Kiliba kikanyamaza mwaka huo. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kule Kigoma, Tanzania, na watu wa Uvira na Fizi walikuwa wengi ndani yake. Ukiweka tarehe hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini kuna watu wazima leo waliozaliwa Nyarugusu ambao wanajua jina la Kiliba kama jina la ukoo, lakini hawajawahi kuiona hata bomba lake la moshi. Tangu wakati ule zimesikika ahadi nyingi za kukifufua. Sitazihesabu hapa, wazee wa Kiliba wanazihesabu vizuri zaidi.

Je, kituo kama hicho kinafaa kwa watoto? Nimefikiri sana juu ya hilo. Wako wanaosema usimpeleke mtoto kwenye magofu, atavunjika moyo. Mimi naona Kiliba iwe ya kwanza katika safari, asubuhi, watoto wakiwa bado na nguvu za kuuliza. Babu akiwa hai, apande naye gari. Mwache yeye ndiye aseme: hapa mizani, hapa magari ya miwa yalipanga mstari, hapa tulipokea mshahara. Mtu wa kuongoza wageni ambaye anapita hiyo historia hatampata popote. Ila mwambieni mapema kiongozi wa mahali, na msiingie ndani ya majengo ya zamani. Chuma kilichooza na mabati yaliyolegea hayana huruma kwa watoto.

Wenzetu mliopokelewa Burundi, kule Musenyi, upande wa Rutana, ninyi mko jirani na nchi ya miwa bila pengine kujua. Kiwanda cha sukari cha Moso, SOSUMO, kiko upande huo huo. Mtoto akiona shamba la miwa pale, mwambie kwamba sukari ya babu yake ilipikwa kwa njia hiyo hiyo.

Kutoka Kiliba gari linapita Sange, Luberizi, Luvungi, mpaka Kamanyola. Joto ni kali na watoto watalala, waacheni. Waamsheni Kamanyola, maana hapo bonde linaisha na barabara inaanza kupanda Ngomo. Masikio yatawaziba. Hiyo ni nafasi nzuri ya kuwauliza kitendawili: mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika, au unatoka Tanganyika kwenda Kivu? Wengi hukosea. Ziwa Kivu liko juu sana, karibu metre 1.460 kutoka usawa wa bahari, na Tanganyika liko kama metre 770. Maji yanashuka karibu metre 700 katika safari ya kilometa mia moja na zaidi kidogo. Masikio yanayoziba na taa ya nyumbani ni habari moja: kimo kile gari linachopanda kwa shida, maji yanakishuka kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo umeme.

Baraji ya kwanza, Ruzizi I, iko karibu kabisa na Bukavu, si mbali na mahali mto unapotoka ziwani. Ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ya pili, Ruzizi II, iko chini yake, ilianza mwaka 1989, na hiyo ni mali ya nchi tatu pamoja: Kongo, Rwanda na Burundi, kupitia shirika lao SINELAC. Ya tatu, ambayo imepangwa kutoa megawati 206, tunaisikia kwenye hotuba tangu siku nyingi. Watoto watauliza jinsi nchi tatu ambazo hazielewani zinavyogawana mashine moja. Swali zuri, na sitajifanya kulijibu. Nasema tu kwamba hata katika miaka ambayo mipaka ilifungwa, maji ya Ruzizi hayakuomba ruhusa ya kupita.

Kwenye baraji ya kwanza kuna jambo ambalo mtoto ataliona kwa macho yake mwenyewe. Ni chupa za plastiki, mifuko na kila taka inayotupwa kando ya Ziwa Kivu. Inaelea, inafuata maji, inakusanyika mbele ya baraji na kuziba njia ya mashine. Kuna watu ambao kazi yao ni kuitoa. Umeme unapokatika Bukavu tunalaumu serikali, na mara nyingi ni haki yetu, lakini siku nyingine ni chupa yangu na yako. Angalizo kwa wazazi: baraji inahesabiwa kuwa mahali pa usalama wa taifa. Usipige picha bila ruhusa, hata ya mtoto akitabasamu. Simu nyingi zimepotea namna hiyo.

Bukavu kuna pia kiwanda cha bia cha Bralima. Kampuni hiyo ilizaliwa Kinshasa, wakati huo Léopoldville, mwaka 1923, na Bukavu ilipata kiwanda chake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa miaka mingi kilikuwa miongoni mwa waajiri na walipa kodi wakubwa wa mji. Februari 2025 kiliporwa, wakati Bukavu ilipobadilisha mikono. Juni mwaka huo Heineken, wenye kampuni, walitangaza kwamba wamepoteza udhibiti wa vituo vyao vya Goma na Bukavu na kuwaondoa wafanyakazi wao. Kwa hiyo sina kituo cha kuwapangia hapo. Wapitisheni watoto nje ya ukuta na muendelee.

Sasa nafika kwenye kiwanda ambacho, kama ningekuwa na nafasi ya kimoja tu, ndicho ningewapeleka watoto wangu. Ni Pharmakina.

Anza na neno. Sisi watu wa Kivu tukimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya, muuguzi anatuambia: mpe kinini kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kinini ni kidonge chochote, cha kichwa, cha minyoo, cha chochote. Warundi na Wanyarwanda wanasema ikinini vile vile. Neno hilo limetoka kwa dawa moja tu, kwinini, dawa chungu ya malaria. Kwa wazee wetu kidonge cha kwanza kujulikana sana kilikuwa hicho, basi vidonge vyote vikarithi jina lake. Na hiyo kwinini, sehemu kubwa ya ile iliyotumika duniani, ilitoka kwenye miti ya milima yetu.

Mti wenyewe si wa kwetu. Wafaransa wanauita quinquina, na wazee wetu wakasema kenkina. Ulitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako wenyeji walijua kwamba gome lake linatuliza homa. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitenga ile dawa iliyomo ndani ya gome na kuipa jina. Kuanzia hapo kila nchi iliyotaka kutawala mahali penye mbu iliutaka mti huo. Mtu mmoja wa Bolivia, Manuel Incra Mamani, alikusanya mbegu za aina bora na kumpa Mwingereza aitwaye Charles Ledger. Mbegu hizo ziliuzwa kwa Waholanzi mwaka 1865, wakazipanda Java, na Java ikawa karibu ndiyo peke yake inayolisha dunia kwinini. Ledger jina lake liko kwenye mti mpaka leo. Incra alifungwa na kupigwa kwa ajili ya zile mbegu, akafa. Nikisimulia hadithi hii watoto huuliza kwa nini mti haukupewa jina lake yeye. Sijawahi kupata jibu la kuwatosha.

Mwaka 1942 Wajapani waliikamata Java. Ghafla majeshi ya Marekani na Uingereza, yaliyokuwa yakipigana kwenye nchi za mbu, yalikosa dawa. Hapo ndipo milima ya Kivu ilipopata thamani mpya. Wabeleji walikuwa tayari wamejaribu kenkina kwetu, na kituo chao cha utafiti wa kilimo, INEAC, kilikuwa na tawi lake Mulungu, upande wa Kabare. Walikuwa wamegundua kwamba mti huu unapenda baridi ya milima yetu, mvua nyingi na udongo usiotuamisha maji. Mashamba yakaongezeka, na mizizi ya kiwanda cha Bukavu ni ya miaka hiyo hiyo ya 1940.

Msiwafiche watoto upande wa pili. Ardhi ya mashamba hayo haikuwa tupu. Tangu 1928 kulikuwa na shirika la kikoloni, Comité National du Kivu, lililogawa ardhi ya Kivu kwa walowezi, na wenyeji walioikalia wakajikuta vibarua kwenye vilima vya babu zao. Migogoro mingi ya mashamba tunayosikia leo mahakamani na vijijini ina mguu mmoja kwenye karatasi za wakati ule.

Baada ya uhuru kiwanda kilikuwa mikononi mwa Wajerumani, kampuni ya Boehringer Mannheim. Kampuni hiyo ilipomezwa na Roche ya Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1990, wenye mali wapya hawakuona faida ya kubaki katika nchi yenye vita. Mwaka 1999, katikati ya vita, wakubwa wawili wa kiwanda waliokuwa Bukavu, Horst Gebbers na Etienne Erny, walikinunua. Nawaza wafanyakazi wa siku zile, ambao kila mwezi walisikia kampuni nyingine imefunga, wao wakaenda kazini.

Kuna na kipande kingine ambacho watu wengi wa Bukavu wenyewe wamekisahau. Mfamasia mmoja kutoka Thailand, mama Krisana Kraisintu, aliyekuwa amewafundisha watu wa nchi yake kutengeneza dawa za ukimwi kwa bei ya chini, aliacha kazi yake mwaka 2002 na kuja Afrika. Alifika Bukavu. Mwaka 2005 Pharmakina ilitoa dawa ya ukimwi iliyotengenezwa hapo hapo, ikaitwa Afri-Vir. Fikirini ni miaka gani hiyo. Ni miaka ambayo dunia ilitujua kwa mambo mawili tu, bunduki na wanawake waliojeruhiwa, na watu wa mji huo walikuwa wamevaa mavazi meupe, wanapima unga wa dawa kwa mizani.

Kazi ya kwinini, kwa anayetaka kuwaeleza watoto, inaanza shambani na uvumilivu. Mara nyingi tawi la aina yenye dawa nyingi linabandikwa kwenye shina la aina yenye mizizi migumu, kama tunavyofanya na avoka. Mti unaachwa miaka mingi, minane, hata kumi. Ukikomaa unang'olewa, gome linapigwa na kuchunwa, la shina na la mizizi pia, halafu linaanikwa. Kiwandani gome linasagwa liwe unga, linachanganywa na chokaa ili dawa ijiachie, linaoshwa kwa mafuta ya moto yanayoichukua ile dawa, halafu tindikali inainyang'anya dawa kutoka kwenye mafuta. Mwisho inabaki chumvi nyeupe, laini. Ukiigusa kwa ncha ya ulimi utaikumbuka mpaka jioni.

Siku hizi kwinini si mfalme tena. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesunate kwa watoto wenye malaria kali mahali pa kwinini, kwa sababu utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha kwamba inaokoa watoto zaidi. Ni habari njema kwa mtoto mgonjwa, na habari ngumu kwa mkulima wa kenkina, ambaye alipanda mti miaka kumi kabla. Kwinini bado inatumika hospitalini kwa hali fulani, na nyingine inaingia kwenye vinywaji vya uchungu ambavyo Wazungu hunywa na barafu. Hilo la vinywaji lilimfanya yule baba acheke hatimaye.

Jinsi ya kuingia, sasa. Kiwanda cha dawa si soko, huwezi kufika mlangoni na watoto watano ukabisha hodi. Andika barua kwa direkta wiki kadhaa mbele, useme ni watu wangapi, umri gani, siku gani. Familia moja inaweza kukataliwa pale ambapo shule au parokia ingekubaliwa, kwa hiyo ungeni familia tatu nne na mwombe mwalimu atie sahihi. Viatu vilivyofungwa, nywele zimefunikwa, mikono mfukoni. Wakikataa ndani, ombeni kuona shamba la kenkina upande wa milima. Shamba ni bora kuliko mlango uliofungwa, na mtoto anaweza kukwaruza gome kwa kucha na kulionja.

Kwa ndugu wa upande wa Beni ambao mtaniuliza kama Kivu ya Kaskazini haina chochote: Mutwanga, kwenye mguu wa Ruwenzori, kuna umeme mdogo wa maji wa hifadhi ya Virunga, na umeme huo ulizaa kiwanda cha sabuni na kingine cha chokoleti ya kakao ya hapo hapo. Nitarudi huko makala nyingine, pakitulia.

Yule baba nimemsomea haya yote juzi jioni, watoto wakiwa wameketi kwenye mkeka. Yule mdogo wa sukari aliuliza jambo moja tu, kama babu yake alikuwa akiruhusiwa kulamba. Hakuna aliyejua. Kama kati yenu yuko aliyefanya kazi Kiliba kabla ya 1996, na anakumbuka jibu, au amehifadhi karatasi ya mshahara, kitambulisho cha kazi, picha yoyote ya kiwanda kikitoa moshi, tafadhali amwone mwandishi wenu. Tutapiga nakala, na karatasi yenyewe utarudi nayo siku hiyo hiyo.